Nilienda Scotland kusoma habari za bibi yangu

Watu wakijua nilisoma Edinburgh mwaka mzima, swali la kwanza ni baridi, la pili hela, la tatu "sasa mbona ulirudi". Hayo mawili ya mwanzo ntayajibu chapchap ili niongelee nilichokuja kuongea, la tatu mtanisamehe.

Baridi ipo ila sio ile ya kwenye picha. Theluji niliiona siku za kuhesabu, balaa lenyewe ni upepo, mwavuli niliununua Jumatatu ukageuka bakuli Jumatatu hiyohiyo na hakuna aliyegeuka kuniangalia maana wenyeji hawatembei na mwavuli, wanavaa koti lenye kofia wanainamisha kichwa kama ng'ombe kwenye mvua. Desemba jua linazama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, unaingia lekcha kuna mwanga unatoka ni usiku, chakula cha mchana unakila unajihisi unakula daku. Afu Juni inakugeuzia kibao, saa nne usiku bado kweupe na wewe pazia lako ni kitambaa cha leso.

Hela, nilikuwa na skolashipu ya Jumuiya ya Madola, ada imelipwa na posho inaingia kila mwezi bila mgomo, kwa mtu aliyesoma Mlimani, UDSM, akisubiri bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, mpaka anakopa wali maharage kwa mama ntilie mi niliona nimetoboa, mpaka nilipolipa kodi ya chumba. Nikatafuta kibarua. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nikawa nafagia maofisi saa kumi na moja alfajiri siku tatu kwa wiki, na hiyo ndo kubeba boksi kwangu. Wakala aliyenipeleka pale alikaa na mshahara wangu wa kwanza wiki tano, kila nikipiga naambiwa Ijumaa, kumbe Ijumaa za mamtoni na za fundi cherehani wa Musoma ni zilezile.

Haya tumemaliza.

Kozi yangu ilikuwa Afrika na Maendeleo ya Kimataifa. Mama aliposikia aliweka kijiko chini. "Yaani unapanda ndege kwenda kwa wazungu kusoma Afrika? Si ufungue dirisha?" Nikamwambia mama, ndo chuo alichosoma Mwalimu. Akanyamaza. Kwetu Mara jina hilo likitajwa mjadala umefungwa, hata shangazi aliyekuwa anataka niolewe kwanza alinyamaza naye.

Na ni kweli Mwalimu Nyerere alisoma pale. Alifika 1949 akitokea kufundisha Tabora, akamaliza 1952 na MA yake, ambayo kwa Scotland hiyo MA ndo digrii ya kwanza, wenyewe wameamua kuiita hivyo, na nimeshagombana na wajomba wawili kwenye grupu la ukoo wakidhani namshushia Mwalimu elimu. Akarudi akafundisha Pugu, 1954 chama cha TANU hicho. Baadaye mwenyewe alisema fikra zake za siasa zilipevuka akiwa kule. Kwa hiyo mi naondoka najiona kama mjukuu anaenda kwa babu, mlango utakuwa wazi na kiti changu kimefutwa vumbi.

Chuo kimeanza kufundisha 1583. Hiyo ni miaka kumi kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, na UDSM yetu tunayoiona ya wazee imeanza 1961. Sasa ukongwe wa namna hiyo una mambo yake. Kuna ukumbi mkubwa wa mahafali wenye kuba, McEwan Hall, unashangaa ile michoro ya ukutani afu unaambiwa umejengwa kwa hela ya mtengeneza bia. Kwenye makumbusho yao ya anatomia wana mifupa ya bwana mmoja Burke, aliyekuwa akiua watu na mwenzake mwaka 1828 wakimuuzia daktari maiti za kufundishia, watu 16, akanyongwa 1829 na yeye akapasuliwa hadharani mbele ya wanafunzi, na mifupa bado imesimama pale. Ukifikiria ni adhabu ya kisomi kabisa. Na ile 2025, mi nimesharudi zamani, chuo chenyewe kikatoa ripoti kukiri kilivyofaidika na hela za utumwa na kilivyosaidia kueneza elimu ya uongo kwamba rangi fulani ya watu ni duni. Niliisoma nikiwa kwenye daladala Mwanza nikakumbuka zile picha za mafuta za mababu wenye manyoya kichwani, nilizokuwa napita chini yake kila siku.

Siku ya tatu niko mtaani natafuta laini ya simu, mara PUUU. Mi chini. Yaani nimechuchumaa kabisa nyuma ya pipa la taka, mkoba kichwani. Kumbe ni mzinga wa ngome, wanaupiga kila siku saa saba kamili mchana isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861, zamani ilikuwa meli zilizoko bandarini zirekebishe saa. Mama mmoja mzee akaniinua akaniambia kitu kwa ile lafudhi yao, sikuelewa hata neno moja, nikamjibu "yes, thank you" na akacheka sana kwa hiyo sijui alikuwa ameniuliza nini.

Sasa masomo. Ratiba ilipotoka nikadhani haijakamilika, kozi tatu, kila moja masaa mawili kwa wiki. Masaa sita! Nikampigia rafiki yangu wa Mlimani nikamwambia huku ni likizo. Sikuwa nimefungua ile orodha ya kusoma. Kila saa mbili za darasa zina makala tano sita nyuma yake, na sio za kusoma upite, maana mkikaa mnazunguka meza moja watu kumi na mbili na mhadhiri, ambaye anataka umuite kwa jina lake la kwanza, anasema hivi, "Haya, mwandishi huyu amekosea wapi?"

Amekosea wapi? Kitabu kimechapishwa, mtu ana uprofesa wake, mi mtoto wa Musoma nianze kusema amekosea? Kwetu nilifaulu kwa madesa. Nilikuwa naujua mstari wa desa la mhadhiri mpaka mkato ulipo, namrudishia vilevile kwenye pepa na ananipa A yangu kwa heshima zote, hatujakosana. Hapa kuna binti wa kizungu wa miaka 22 ambaye hajafika hata Namanga anasema "mi sikubaliani na huu mtazamo" huku anakula tufaa. Nilikaa wiki nne sijafungua mdomo. Wakanidhania mpole. Na lile jina la kwanza lilinishinda mpaka naondoka, kwenye barua pepe nilikuwa naanza na Dokta, nikikutana naye kwenye korido ulimi unataka kutoa shikamoo unarudi.

Insha ya kwanza nikachagua ujamaa. Nilijipigia hesabu, darasa zima mi ndo natoka karibu na Butiama, wao wameusoma ujamaa mi nimeukalia. Nikaandika maneno elfu tatu na mia tano, Azimio la Arusha la Februari 1967, shule za msingi, umoja wa kitaifa, Kiswahili, vyote vimo, nikamaliza na sifa za Mwalimu mpaka nikajifuta machozi. Unaweka namba ya mtihani badala ya jina kwa hiyo hakuna anayejua ni nani kaandika, nikawa nasikitika watakosa kujua ni mtu wa nyumbani kwake.

Maksi zikarudi. 54.

Ntawaeleza wasiojua, kule 70 ndo daraja la juu kabisa, 50 ndo kufaulu ngazi ya masters, kwa hiyo 54 haikuwa kudisko ila nilikuwa nimesimama ukingoni naangalia shimo. Nililala na viatu siku hiyo. Nikajiambia Darwin mwenyewe, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alikuja hapa kusoma udaktari akakaa miaka miwili akaacha, labda na mi nikatafute kobe wangu.

Nikaenda ofisini kwa mhadhiri, saa zake za kuonana na wanafunzi, nimejiandaa kuomba msamaha. Alikuwa ameprinti insha yangu. Hakusema mbaya, alinigeuzia ukurasa wa pili akaweka kidole kwenye sentensi niliyoandika kwamba wananchi walihamia vijiji vya ujamaa kwa moyo mmoja. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikasema inajulikana. "Na nani?" Nikakaa kimya. Akasema umemsifia vizuri sana, sasa ongea naye. Akaniandikia vitu vya kusoma kwenye karatasi ya njano na mi nikatoka pale na hasira kweli, nikawa navuka ile bustani ya Meadows naongea peke yangu, huyu anamjua nani, Mwalimu wetu, chuo chake mwenyewe, jamani.

Ila nikasoma. Maktaba kuu iko George Square, jengo la zege la 1967, mwaka wa Azimio hilohilo, kwa sura ni baya kiasi lakini ndani kuna joto na mi chumbani kwangu hita ilikuwa na hiari yake. Humo ndo nikakutana na Litowa. Nyie mnaijua Litowa? Mi nimesoma uraia na historia tangu fomu wani mpaka digrii, sijawahi kuisikia. Kumbe kule Ruvuma watu walianza vijiji vya kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya sitini, wenyewe, bila kusukumwa, wana chama chao na shule yao, na Mwalimu aliwapenda. Afu 1969 TANU ikakaa Dar ikaivunja jumuiya yao, mali zikachukuliwa. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatoka kauli kwamba kuishi vijijini sasa ni amri na mwisho ni 1976. Nikasoma habari za malori na mgambo. Mkoa wangu umo.

Nikahesabu vidole. Bibi 1974 alikuwa na miaka kama ishirini na tisa.

Kabla sijafika kwa bibi niwape ya dagaa maana yalitokea usiku huohuo. Nilikuwa nimebeba dagaa wa ziwani kilo mbili, nimefunga mifuko mitatu, na kila nikikumbuka nyumbani nakaanga kidogo. Usiku ule nina mawazo, nikaweka sufuria nikasahau, moshi ukapanda, king'ora cha moto kikalia jengo zima. Watu karibu themanini nje saa tano usiku na pajama, Oktoba, upepo ule nilioutaja, na wote wananuka Musoma. Zimamoto wakaja na gari kubwa, kijana akatoka ameshika sufuria langu mbele kama ushahidi. Nilitamani lami ifunguke. Lakini jirani yangu wa jikoni, Mgiriki, aliyesimama na blanketi, akachungulia akasema mbona kwao wanakaanga visamaki hivihivi wanakamulia limau. Kesho yake alikuja na limau. Mpaka Krismasi zile kilo mbili tulizimaliza wawili, na yeye ndo mtu wa kwanza niliyebishana naye kwenye meza mpaka nikashinda, juu ya kama dagaa wanaliwa na kichwa.

Basi Jumapili nikampigia mama, akaenda kijijini, wakatafuta ule upande wa mwembe ambao mtandao unashika. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, unakula?" Nikamwambia nakula. Nikamuuliza, bibi, 1974 mlihamaje?

Kimya kirefu nikadhani simu imekata. Mama naye kimya. Afu bibi akaanza kwa Kizanaki, mama anatafsiri na mwishowe mama akawa hatafsiri tena anasikiliza tu. Walikuja asubuhi. Wakapanda juu ya nyumba wakatoa nyasi za paa ili mtu asipate pa kurudi. Alikuwa na chungu cha mbegu za ulezi, akakipakata kwenye lori, na mama yangu wa miaka sita amekaa juu ya kinu. Lori likaruka kwenye korongo chungu kikapasuka, ulezi ukawa unapita kwenye nyufa za mbao unamwagika barabarani njia nzima, na kuku wa watu wanalifuata lori. Hicho ndo alichokikumbuka zaidi, wale kuku. Walipofika kuna kigingi chenye namba, wakaambiwa hapa ndo kwenu. Mihogo yake ilibaki kule shambani ikaliwa na nguruwe pori.

Nikamuuliza, sasa bibi ulimchukia Mwalimu? Alinishangaa kweli. "Nimchukie kwa nini? Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Ila aliyepanga kile kijiji hakuwahi kulima."

Nikarudi darasani wiki ile na mkono ukanyooka wenyewe. Sikumbuki nilisema nini vizuri, nakumbuka yule wa tufaa aliandika.

Tasnifu nikaamua hiyohiyo, wazee sita wa kijiji kimoja wanavyokumbuka kuhamishwa, mahojiano kwa simu na mama ndo afisa wangu wa uwanjani, alidai posho na nilimpa. Lakini kabla hujamhoji mtu lazima ujaze fomu ya maadili ya utafiti, kurasa na kurasa, uhusiano wako na mhojiwa ni upi, ana hatari gani, na umsomee haki zake. Nikamsomea bibi. "Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu." Akacheka mpaka akakohoa. "Nijitoe kwenye nini, kwenye kuwa bibi yako?" Nikaendelea, "Jina lako litafichwa." Hapo hakucheka. "Linafichwa kwa nini, nimeiba?" Nikamweleza ni utaratibu. Akasema utaratibu gani huo wa kumficha mtu aliyesema kweli. Sikuwa na jibu na fomu haikuwa na nafasi ya kujaza hilo. Akawa Mhojiwa wa 3.

Mhojiwa wa 1 alikuwa mzee mmoja jirani, ana miaka themanini na kitu, huyu alinisaidia sana kwa sababu alisema tofauti na wengine wote. Alisema walihama kwa hiari, kwa nyimbo, hakuna aliyeguswa. Supavaiza akafurahi, akasema ona, kumbukumbu sio kitu kimoja, nikamtengea kurasa nne huyo mzee.

Nilikabidhi Agosti, mji umefurika watu wa tamasha la sanaa mpaka njia ya kwenda maktaba nilikuwa nampita mtu anatembea juu ya kamba. Nilipata 68. Mahafali Novemba nilikuwa bado nina viza, nikaenda pale kwenye ukumbi wa bia, wanakugusa kichwani na kofia ambayo wenyewe wanasema imetengenezwa na suruali ya John Knox, mhubiri wao wa miaka ya 1500, na mi nikawaza suruali ya mhubiri, bia, haya, nimehitimu.

Nilivyorudi nikaprinti nakala moja nikaifunga vizuri na jalada la bluu nikampelekea bibi. Hasomi kiingereza, hasomi sana hata kiswahili. Akaipapasa. "Mi niko wapi?" Nikamfungulia, nikamwekea kidole, Mhojiwa wa 3. Akaniomba nimsomee na wengine, nikasoma natafsiri, bila kutaja nani ni nani maana siri ni siri. Nikafika kwa wa kwanza, kwa hiari, kwa nyimbo, hakuna aliyeguswa.

Bibi akaniwekea mkono kwenye karatasi nisiendelee. Akaangalia upande wa pili wa uzio, kule kwa jirani, moshi unatoka jikoni kwake.

"Huyo si ndo alikuwa juu ya paa langu," akasema.

Mi nimeganda na kurasa zangu nne. Miaka yote hiyo wamekaa uzio mmoja. Nikamuuliza bibi na hukuwahi kumwambia kitu? Akasema atamwambia nini, jana tu katuma mtoto kuja kuchukua chumvi. Afu akauliza hizo maksi nilizopata ni ngapi, nikamwambia sitini na nane. Kati ya ngapi? Kati ya mia. Akatikisa kichwa, akasema ungeniuliza mapema.